Mume wa Ghorofa ya Nne

Kitu cha kwanza nilichokiona ni vumbi. Halikuwa juu ya viatu, maana juu vilikuwa vimepigwa rangi vikang'aa. Lilikuwa ndani, pale kisigino kinapokaa, jembamba kama unga unaobaki chini ya chekecheo. Nilichuchumaa kwenye ngazi nikijifanya natafuta ufunguo mkobani, nikachungulia kiatu cha kulia, kisha cha kushoto. Vyote viwili vilikuwa hivyo. Nikasimama, nikashuka polepole, kwa sababu mlango ule ulikuwa na tundu la kuchungulia na sikutaka mwenye nyumba aione sura yangu.

Viatu vya kiume, vya kahawia, namba arobaini na tano, mlangoni kwa mwanamke aliyeachwa. Hivyo ndivyo vilivyonileta kwenye jengo lile la mtaa wa nyuma ya kiwanda cha pamba, hapa Tanta, Misri.

Asubuhi ile Ustadh Rushdi alikuwa amenieleza kazi kwa maneno machache, kama kawaida yake. Yeye ni wakili. Mimi hupika chai, hubeba mafaili, na pale anapohitaji kujua jambo ambalo watu hawamwambii mwanaume mwenye tai, hunituma mimi. Kusoma kwangu ni kwa kidole, neno moja moja, kwa hiyo siandiki ripoti. Narudi, nasema nilichokiona, yeye anaandika.

Mteja alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti cha mbele. Anaitwa Ihab, fundi wa mitambo ya barafu, mtu mpole mwenye mikono iliyopasuka.

"Binti yangu ana miaka sita," alisema. "Jina lake Sundus. Namwona Ijumaa, kwa muda wa saa tatu tu, kwenye klabu ya vijana, watu wanapiga mpira ubavuni mwetu. Juzi amenichorea picha. Mama yake, yeye mwenyewe, na viatu vikubwa."

"Na mwenye viatu?" Ustadh Rushdi aliuliza.

"Hayupo kwenye picha. Viatu vitupu. Nikamuuliza ni vya nani, akanyamaza." Akajifuta uso. "Ustadhi, mimi sina ugomvi na mama yake, Hanadi. Tulishindwana, yakaisha. Ila sitaki mwanaume nisiyemjua amkute binti yangu na nguo za kulalia."

"Mtoto anaogopa hata kumchora," Ustadh Rushdi alisema, akaandika. Kisha akanigeukia. "Sheria unaijua, Madam Inshirah. Mama aliyeachwa hukaa na mtoto. Akiolewa na mtu mwingine, ulezi unamtoka, unakwenda kwa mama yake mzazi."

"Mama yake Hanadi yupo?"

"Alifariki mwaka juzi. Kwa hiyo unakwenda kwa anayefuata, mama wa baba. Yaani Hajjat Zeinat, nyumbani kwa Ihab. Lakini ndoa yenyewe haiko kwenye daftari lolote. Itakuwa ya siri, ya karatasi iliyokunjwa mfukoni. Bawabu na jirani wa chini wamesema watatoa ushahidi. Kawasikilize. Nataka kujua nani atatetereka mbele ya hakimu."

Basi, baada ya kuviona viatu, nilianza na bawabu.

Bakhit ni mtu wa kusini, kilemba cheupe, benchi lake liko chini ya ngazi karibu na mita za umeme. Alinikaribisha chai kabla hajaniuliza nimetoka wapi.

"Umemwona kwa macho yako, ami?"

"Kwa macho haya mawili."

"Yukoje? Mrefu? Mfupi?"

"Binti yangu, mtu anapanda kwa mkewe, mimi nimkodolee macho usoni? Ni aibu."

"Basi umemwona mgongo."

"Nimeona viatu."

"Na mtu aliyekuwa ndani ya viatu?"

Alinitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Viatu havipandi ngazi vyenyewe, madam."

"Huwa vinakaa wapi?"

"Kushoto kwa mlango. Asubuhi nikipanda kuchukua taka, vipo. Jioni vipo."

"Na Ijumaa, watu wakiwa msikitini?"

Akafikiri kidogo. "Vipo."

"Siku ya Iddi?"

"Vipo! Nilipanda mimi mwenyewe baada ya sala kumpelekea mtoto biskuti, nikavikuta pale pale." Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Mwanaume mzima, hata Iddi hatoki kwenda kusali. Na hilo mwambie wakili aliandike."

Nilikunywa chai yangu ili nisilazimike kusema kitu.

"Ni nani aliyekwambia kwamba ni mume, ami? Si kaka, si binamu?"

"Mwenyewe Bi Hanadi. Mwezi wa Shaabani, fundi wa tangi la maji alipanda kumgongea mara ya tatu, na tangi halina ugonjwa. Bi Hanadi akainama juu ya ngazi, akaniita jengo zima likasikia: 'Ami Bakhit! Mwambie huyu bwana mume wangu amelala, na akiamka atamshusha ngazi zote kwa kichwa!' Fundi alikimbia mpaka akasahau spana."

"Spana iko wapi?"

"Naitumia," alisema Bakhit.

Jirani wa ghorofa ya tatu anaitwa Mama Karam. Nilimkuta sakafuni amezungukwa na majani ya mulukhiya, mboga kama mlenda, anachambua, akanisukumia fungu langu nimsaidie. Nilichambua. Mtu mwenye shughuli mikononi huongea zaidi.

"Namsikia kila mlango ukigongwa," alisema. "'Baba Sundus, amka, kuna mtu!' Ona alivyo na haraka. Mume mpya amempa jina la yule wa zamani."

"Huyo mume anajibu nini?"

"Hajibu. Mwanaume mwenye heshima hapigi kelele."

"Anakohoa? Anaburuta kiti? Anagombana na mkewe?"

"Wala! Na hilo ndilo linaloniuma. Wangu akiamka kwenda chooni mtaa mzima unajua. Huyo wa juu ametulia kama malaika. Dua gani aliyoomba yule mwanamke, aniambie na mimi."

"Umewahi kumwona?"

"Nitamwona wapi, na viatu vyake haviondoki mlangoni? Ni mtu wa ndani. Labda mgonjwa." Akanikazia macho. "Au anajificha polisi. Andika hilo pia."

"Mimi siandiki, dada."

"Basi likumbuke."

Duka la chini lina kengele, na mwenye duka alikuwa anafunga mkate kwenye gazeti. Nilinunua chumvi ili niwe na sababu ya kusimama. Kikapu cha ghorofa ya nne, alisema, hushuka kwa kamba kila asubuhi: mikate minne, jibini nyeupe, maziwa ya mtoto. Sigara je? Hajawahi. Wembe? Akacheka. Wembe wa nini kwa mama na mtoto? Kisha akajisahihisha, akasema kweli, wanasema kuna bwana, labda ana ndevu.

Watu watatu, jozi moja ya viatu. Kila mmoja alikuwa amemwona mtu yule kwa mdomo wa mwenzake.

Nilipanda mpaka kwenye paa. Kamba za nguo huko juu zimegawanywa kwa fleti, na ya ghorofa ya nne iko ukingoni, upande wa barabara, mahali ambapo kila apitaye chini anaiona. Kulikuwa na magauni mawili madogo, shuka, na fulana moja ya kiume. Niliishika. Fulana iliyovaliwa hulegea kwapani. Hii ilikuwa bado na mikunjo minne ya pakiti, na jua lilikuwa limechora mstari wa njano pale ilipokaa juu ya kamba. Hakuna aliyeiondoa hapo kwa wiki nyingi.

"Hiyo usiitoe, anti."

Msichana mdogo alikuwa amesimama mlangoni pa paa na kopo la vibanio. Meno yake mawili ya mbele hayakuwepo.

"Kwa nini nisiitoe?"

"Hiyo hatuitoi. Tunatoa zetu tu."

Mama yake alitokea nyuma yake na beseni kiunoni. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, labda amenizidi miaka mitatu. Aliangalia mkono wangu kwenye fulana, akamvuta mtoto karibu na mguu wake.

"Unatafuta nani, dada?"

"Nimesikia kuna chumba cha kupanga huku juu," nilisema.

"Kipo. Ila kina joto kama tanuri." Akapunguza sauti kidogo. "Ni wewe na nani?"

"Mume wangu yuko Jordan. Anajenga."

"Wangu yuko kazini," alisema. "Atarudi sasa hivi."

Tulisimama hivyo, fulana ikipepea katikati yetu. Sundus alimwangalia mama yake, kisha akaanza kupanga vibanio ukutani, vyekundu na vyekundu, vya bluu na vya bluu. Niliwaaga, nikashuka.

Ustadh Rushdi alikuwa anakula ful, maharage ya kupondwa, na kitunguu juu ya gazeti niliporudi. Nilisimama mbele ya meza yake.

"Hakuna mume, ustadhi."

"Umemwona Hanadi?"

"Ndiyo."

"Amesema nini?"

"Amesema mume wake yuko kazini, atarudi sasa hivi. Lakini—"

Alipiga meza mpaka kitunguu kikaruka. "Amekiri! Kwako, mtu asiyekujua! Bawabu wa kwanza, jirani wa pili, wewe wa tatu. Hii kesi imekwisha, Madam Inshirah."

"Ustadhi, ndani ya viatu kuna vumbi. Havijavaliwa. Haviondoki hata Ijumaa, hata Iddi. Fulana ni mpya kutoka pakiti. Mtoto alichora viatu vitupu kwa sababu ni vitupu. Haogopi. Amechora anachokiona."

Akaacha kutafuna. Si mtu mjinga.

"Viatu vya zamani, viatu vya akiba," alisema. "Mtu anaweza kuwa na jozi mbili. Na fulana mpya si dhambi. Wewe unasema mwanamke anajitangazia mume asiyekuwepo. Nani anafanya hivyo? Umejuaje?"

Nilikuwa na jibu. Jibu lilikuwa umbali wa mitaa miwili kutoka pale tulipokuwa, mlangoni pa chumba changu: viatu vyeusi vya marehemu baba yangu, ambavyo kila Alhamisi navifuta ndani kwa kitambaa chenye maji na kuvihamisha, mara kushoto, mara kulia, mara kimoja kimelala ubavu, kama vilivyovuliwa na mtu aliyechoka. Hanadi hakuijua mbinu hiyo. Alivipiga rangi juu, akavisahau ndani. Pete niliyovaa nilijinunulia mwenyewe siku niliyotoka kijijini. Mume wa Jordan nimemtunga mimi, nimempa jina, nimempa maumivu ya mgongo. Ofisi nzima inaniita Madam kwa ajili yake, na mwenye nyumba amenipa chumba kwa ajili yake.

"Nimeona tu," nilisema.

"Mimi nilikutuma kwenye viatu, wewe umeniletea vumbi." Alifunga gazeti. Hakusema kwa ukali. "Mimi ni wakili wa Ihab. Kama hakuna mume, Hanadi ana wakili wake, na aseme. Wewe utaulizwa maswali mawili tu, na utajibu kweli. Sikuombi useme uongo hata mmoja."

Na kwa maswali hayo mawili sikusema uongo.

Mahakama ya familia iko ghorofa ya pili, na siku ile korido ilijaa akina mama, chupa za maziwa na vumbi la chaki kutoka shule ya jirani. Hakimu alikuwa mtu wa makamo, mwenye mafua. Alisoma kwanza ripoti ya afisa wa ustawi: mtoto ana afya, analala mapema, anasoma vizuri, ameshikamana na mama yake. Aliisoma yote, neno kwa neno, akamtazama Hanadi kwa upole. Nilifikiri labda hapo ndipo itaishia.

Kisha akaitwa Bakhit. Akala kiapo, akasema viatu, akasema Iddi, akasema fundi wa tangi. Akaitwa Mama Karam. Alikuwa amevaa nguo yake ya kwendea harusini na aliongea mpaka akaombwa apumzike.

Hakimu alimgeukia Hanadi. "Ulimwambia bawabu kwamba mume wako amelala?"

"Nilimwambia, mheshimiwa."

"Una mume?"

"Sina. Tangu Ihab sijaolewa. Viatu nilivinunua soko la mitumba, na aliyeniuzia aliniuliza mguu wa mzee namba ngapi, nikamwambia mkubwa kabisa ulionao."

Watu wakacheka nyuma. Hakimu akagonga meza.

"Kwa nini?"

"Mheshimiwa, mlango wangu ulikuwa unagongwa. Nikiuliza nani, mtu hajibu, anakaa tu hapo. Namsikia anapumua. Siku moja kitasa kilizunguka. Tangu nimeweka viatu, hakijazunguka tena."

"Uliripoti polisi?"

"Nikaripoti nini? Kwamba mtu anapumua?"

Hakimu alipenga kamasi, akafikiri. Kisha akaniita mimi. Ustadh Rushdi alinisogezea kiti kwa heshima, akasema, "Madam Inshirah, mke wa mtu, mwanamke wa kuaminika." Nilikwenda mbele. Hanadi alinitambua. Niliona anavyonitambua: kwanza mkono, kisha paa, kisha fulana.

"Huyu mama alikwambia kwamba ana mume?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Maneno yake yenyewe?"

"'Wangu yuko kazini. Atarudi sasa hivi.'"

"Ulimwona huyo mume?"

"Hapana."

"Unajua lingine lolote linaloihusu kesi hii?"

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mlangoni alisimama Bakhit, na mabawabu wa mitaa yetu wote ni wa kijiji kimoja. Wa jengo langu ni mtoto wa dada yake. Jambo likisemwa mbele ya Bakhit adhuhuri, alasiri linakuwa limelala mlangoni pangu.

"Hapana, mheshimiwa," nilisema.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. "Bibi," alimwambia Hanadi, na sauti yake haikuwa ya mtu katili, "mahakama haina jicho la kuona ndani ya nyumba yako. Ina maneno ya watu. Watu watatu wamekusikia, kwa nyakati tatu, ukisema una mume. Leo, mtoto anapokaribia kuondolewa kwako, unasema huna. Niamini lipi?"



Hukumu ilitoka wiki mbili baadaye. Ulezi ulihamia kwa Hajjat Zeinat, na mama atamwona mtoto Ijumaa, kwa muda wa saa tatu, klabu ya vijana. Hukumu ya kukabidhi mtoto haisubiri rufaa. Hutekelezwa kwanza.

Alhamisi saa nne asubuhi tulipanda ngazi zile: karani wa kutekeleza hukumu na faili lake, askari mmoja, na mimi, kwa sababu karani alitaka awepo mwanamke wa kumshika mtoto mkono. Ihab alibaki chini kwenye gari na mama yake. Alikuwa amenunua baiskeli ndogo, imefungwa juu ya gari kwa kamba. Bakhit alitufuata bila kuitwa. Mama Karam alikuwa tayari amesimama nje ya mlango wake.

Hanadi alifungua kabla hatujagonga. Karani alimsomea hukumu pale pale kizingitini, akaingia, na sisi nyuma yake.

Fleti ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja kina kitanda kimoja na mito miwili, mmoja mkubwa na mmoja wa katuni. Jikoni, juu ya kichanja, kulikuwa na sahani mbili, vikombe viwili, kijiko kimoja kikubwa na kimoja kifupi cha plastiki. Bafuni miswaki miwili. Bakhit alitembea kila mahali taratibu, kilemba mkononi. Alichungulia nyuma ya mlango wa chumbani. Akafungua kabati, akaona magauni, akalifunga kwa adabu. Nilimwona uso wake unavyobadilika.

"Bwana yuko wapi?" aliuliza hatimaye, sauti imeshuka.

"Bwana gani, babu?" Sundus alimuuliza. Alikuwa amekaa juu ya begi lake, viatu vya shule miguuni. "Humu tunakaa mimi na mama."

Askari aliangalia dirishani. Mama Karam, ambaye alikuwa amefika hadi sebuleni, alishika mdomo wake kwa viganja vyote viwili.

"Mwanangu," Bakhit alianza kumwambia karani, "hapa hapana—"

"Ami, kazi yangu ni karatasi," karani alimkata. Hakuwa amefurahi. "Ungeyasema mahakamani."

"Mahakamani niliulizwa viatu!"

Hanadi alipiga magoti mbele ya mtoto. Hakulia. Alikuwa anamkagua kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu: vifungo, nywele, leso mfukoni.

"Kwa bibi kuna bata," alimwambia. "Utawapa chakula asubuhi. Usilale na soksi. Ukiumwa tumbo usinyamaze, sema. Bibi hajui kwamba wewe ukiumwa unanyamaza, kwa hiyo lazima useme."

"Wewe unakuja saa ngapi?"

"Ijumaa."

"Leo Alhamisi," Sundus alisema, na uso wake ukafunguka. "Basi kesho! Anti, ni kesho tu."

Alisema hayo kwangu. Alinipa mkono wake mwenyewe, bila mtu kumwambia, akanishika kidole kimoja. Kilikuwa kidole chenye pete. Ijumaa ya kwanza ya hukumu ingekuwa wiki ya tatu, baada ya karatasi za klabu kugongwa muhuri. Hanadi alijua. Karani alijua. Mimi nilikuwa nimebeba karatasi hizo mwenyewe.

Karani aliweka faili juu ya meza ya kulia, akaandika saa, akaandika majina, akaandika kwamba mtoto amekabidhiwa akiwa salama na begi moja. Kisha akasema kama wanavyosema siku zote, bila kuinua kichwa:

"Aliyepo hapa mwenye neno, nitaliandika. Linakwenda na faili mbele ya majaji wa rufaa. Mama mlezi?"

"Andika nimetii," Hanadi alisema. Bado alikuwa amepiga magoti. Kisha akainua macho, si kwa karani. "Na wewe, madam? Mke wa mtu, mwanamke wa kuaminika. Mumeo wa Jordan anajua kazi unayoifanya? Usiku akikupigia simu unamwambia leo nimebeba mtoto wa nani?"

"Bibi, tafadhali," askari alisema.

Mlango ulikuwa wazi. Bakhit alikuwa hapo. Mama Karam alikuwa hapo. Ngazini kulikuwa na vichwa vya ghorofa zote, na chini kabisa mlango wa gari la Ihab ulifunguka, na nyayo zake zikaanza kupanda.

"Mimi nina neno," nilisema.

Karani hakusikia. Nilirudia. Safari hii kalamu yake ilisimama.

"Jina?"

"Inshirah Abdulmaqsud. Nafanya kazi kwa wakili wa baba wa mtoto."

"Wakili wako anajua kwamba unataka kusema?"

"Hajui."

Alinitazama juu ya miwani, akageuza ukurasa mpya. "Sema polepole."

Kidole changu kilikuwa bado mkononi mwa Sundus. Nyayo za Ihab zilikuwa zimefika ghorofa ya pili.

"Andika kwamba nilijua kabla ya mahakama kwamba humu hamna mwanaume, na hakimu aliponiuliza nilisema sijui lingine. Andika kwamba nilijua kwa sababu na mimi nafanya kama yeye. Andika: sina mume. Si Jordan, si popote, sijawahi kuwa naye. Naishi peke yangu."